ERNEST BEVIN: KIBARUA ALIYEINGIA BUNGENI BILA KURA HATA MOJA

Hapa kwetu ukitaja uchaguzi mtu huona foleni ndefu tangu alfajiri, kidole chenye wino, na magari yenye vipaza sauti yakizunguka mitaani. Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyechaguliwa kuwa mbunge pasipo foleni, wala wino, wala sanduku la kura. Hakuna hata mtu mmoja aliyempigia kura, na hakuna aliyemnyima. Hata hivyo aliingia katika Bunge la Uingereza kihalali kabisa. Mtu huyo ni Ernest Bevin, na siku yenyewe ilikuwa tarehe 22 Juni 1940, wakati Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto.

Wengi wetu tukisoma habari za vita hivyo tunamkumbuka Churchill na sigara yake kubwa, basi. Bevin tunampita haraka haraka. Mimi nilipozisoma habari zake, mambo mawili yalinishika nisiweze kufungua ukurasa mwingine. La kwanza, huyu alikuwa yatima aliyeacha shule akiwa na miaka 11. La pili, alipewa mamlaka ya kumwamuru karibu kila mtu katika Uingereza afanye kazi gani na aifanyie wapi, na wakati alipopewa mamlaka hayo hakuwa hata mbunge. Nikajiuliza: mtu kama huyu tumwite mtumishi wa watu, au tumwite bwana wao? Tafadhali fuatana nami polepole, kwani jibu lake haliji mara moja.

Bevin alizaliwa mwezi wa Machi mwaka wa 1881 katika kijiji cha Winsford, jimbo la Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake hakumjua. Mama yake, Diana, alikuwa mwanamke maskini aliyewatumikia watu majumbani ili watoto wale. Mwaka wa 1889 mama huyo akafariki, na Ernest alikuwa na miaka 8 tu. Dada yake mkubwa, ambaye alikuwa ameolewa, akamchukua wakaenda kuishi naye katika jimbo la Devon. Waswahili husema, mwana wa yatima hadeki. Ernest hakudeka. Alipofika umri wa miaka 11 aliiaga shule na kwenda kuandikwa kazi shambani. Mshahara wake ulikuwa peni 6 kwa wiki, na pesa zenyewe hakupewa kila wiki. Zilingojwa mpaka miezi mitatu iishe.

Lakini kuna jambo moja la shambani ambalo lilimfaa. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa akiwasomea gazeti kwa sauti watu wa nyumba ya mwajiri wake. Hebu mfikirie mtoto huyo, mikono imechubuka kwa kazi, anasoma habari za serikali na Bunge kwenye mwanga wa taa. Mimi naamini shule yake hasa ilianzia hapo. Sisi wenye madawati na vitabu, na ambao wakati mwingine tunasinzia kipindi cha mchana, tuna la kujifunza.

Alipokuwa na miaka 13 hivi alihamia mji wa Bristol, mji wenye bandari. Huko hakuchagua kazi. Alisaidia jikoni, akafanya kazi kwenye tramu, na mwishowe akawa mwendeshaji wa gari la farasi, akisambaza vinywaji vya chupa madukani. Siku za Jumapili alikwenda kanisa la Wabaptisti na hata akahubiri, ndiyo maana aliweza kusimama mbele ya watu akasema bila kutetemeka. Mwaka wa 1910 wenzake waendesha magari ya farasi wa Bristol waliungana na chama cha wafanyakazi wa bandari, na Bevin akawa mwenyekiti wa tawi lao. Mwaka uliofuata akaajiriwa na chama chenyewe. Tangu hapo akaacha kushika hatamu za farasi, akashika hatamu za watu.

Sasa nije kwenye habari za bandari, na hapa naomba nimtaje babu yangu. Babu alikuwa kuli pale Kilindini siku za ujana wake. Ananiambia kwamba asubuhi walisimama langoni kama mia moja, mnyapara akachagua wachache, na waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu kuwakabili wake zao. Aliyechaguliwa leo hakujua kama kesho atachaguliwa. Nilipomsomea babu habari za bandari za Uingereza za miaka ile alicheka kwa uchungu, akashangaa kwamba kumbe hata wazungu walisimamishwa langoni namna ile ile. Naam, walisimamishwa. Na Bevin ndiye aliyelipeleka jambo hilo mbele ya wakubwa.

Mwaka wa 1920 serikali iliunda tume ya kuchunguza mishahara ya makuli, na mwenyekiti wake alikuwa jaji, Lodi Shaw. Waajiri walileta mawakili. Wafanyakazi walimleta Bevin, mtu asiyewahi kuingia shule ya sekondari hata mlangoni. Alisema kwa muda wa saa 11, akigawanya maneno yake kwa siku kadhaa. Kisha mtaalamu mmoja msomi, shahidi wa upande wa waajiri, akaleta hesabu za chakula ambacho alidai kingeitosha familia ya kuli. Unajua Bevin alifanya nini? Alikwenda sokoni, akanunua chakula kwa kufuata hesabu ile ile, kikapikwa, kisha akakigawa kwenye sahani na kuziweka mbele ya tume. Vilikuwa vipande vidogo mno. Akawataka watazame kama mtu anayebeba magunia kutwa anaweza kuishi kwa sahani hiyo. Tume ilikubali makuli walipwe shilingi 16 kwa siku, na wafanye kazi saa 44 kwa wiki. Watu wakampa jina la wakili wa makuli, ingawa hakuwa na cheti chochote cha uwakili.

Mwaka wa 1922 aliviunganisha vyama 14 vidogo vikawa chama kimoja kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi na kazi nyinginezo, na yeye akawa katibu mkuu wake. Mwezi wa Mei 1926 alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo mkuu uliosimamisha magari, treni na viwanda kwa siku tisa. Mgomo ulishindwa. Lakini chama chake hakikufa, bali kiliendelea kukua mpaka kikawa kikubwa kuliko vyote nchini.

Je, mtu wa namna hii hakuwania Bunge? Aliwania, tena mara mbili, na mara zote mbili akaangushwa. Mwaka wa 1918 alisimama katika Bristol kwa tiketi ya chama cha Leba, akashindwa. Mwaka wa 1931 alisimama Gateshead, kaskazini mwa nchi, akabwagwa kwa tofauti ya kura zaidi ya 12,000. Hiyo si kushindwa, hiyo ni kugaragazwa! Nakuomba uyashike moyoni mambo haya mawili, kwa sababu yanatusaidia kuielewa ile siku ya Juni 1940. Kila mara wananchi walipoulizwa kama wanamtaka Bevin, walisema la. Siku aliyoingia ni siku ambayo hawakuulizwa.

Ilikuwaje hata wasiulizwe? Vita vilianza mwezi wa Septemba 1939. Vyama vitatu vikubwa vya Uingereza, yaani Konsavativu, Leba na Liberali, vilikubaliana kuweka silaha za siasa chini. Walipatana hivi: mbunge akifa au akiondoka, chama chake kitateua mtu mwingine, na vyama vile vingine viwili havitasimamisha mgombea. Walifikiri si vizuri watu kutukanana majukwaani huku adui yuko mlangoni. Uchaguzi mkuu nao uliahirishwa. Bunge lililochaguliwa mwaka wa 1935 lilikuwa likijiongezea maisha mwaka baada ya mwaka, mpaka likafika 1945. Miaka kumi mizima bila uchaguzi mkuu!

Lakini tuwe waangalifu hapa. Mapatano hayo hayakuwa sheria. Yalivifunga vile vyama vitatu tu. Mtu yeyote binafsi au chama kidogo kiliruhusiwa kusimama, na wengine walisimama kweli, na wachache wakashinda. Mwaka wa 1942, kwa mfano, mwandishi wa magazeti Tom Driberg alisimama peke yake Maldon bila ya chama kikubwa akakinyang'anya chama cha Konsavativu kiti. Kwa hiyo mlango haukufungwa kwa kufuli. Ulirudishiwa tu.

Sasa tufike mwaka wa 1940. Mwezi wa Mei mambo yalikuwa mabaya sana kwa Waingereza. Walikuwa wameshindwa kule Norway, Waziri Mkuu Chamberlain akaondoka, na tarehe 10 Mei Churchill akashika usukani. Churchill alijua kwamba vita havipiganwi na askari peke yao. Bunduki lazima itengenezwe na mtu, na makaa ya mawe lazima yachimbwe na mtu. Akahitaji Waziri wa Kazi ambaye wafanyakazi wangemsikiliza. Akamwita Bevin. Hawa wawili hawakuwa marafiki, maana katika ule mgomo wa 1926 walikuwa pande mbili zinazopingana. Lakini siku ya dhiki humchagui wa kukushika mkono.

Tarehe 22 Mei Bunge lilipitisha, kwa siku moja, sheria ya hali ya hatari iliyoipa serikali mamlaka juu ya watu wote na mali zote. Chini ya sheria hiyo Waziri wa Kazi aliweza kumwamuru mtu yeyote afanye kazi yoyote. Na Waziri wa Kazi alikuwa nani? Bevin, ambaye bado hakuwa mbunge wa mahali popote. Waziri asiye mbunge hawezi kusimama katika Bunge la Wananchi akajibu maswali. Ilibidi atafutiwe kiti, tena upesi.

Kiti kilipatikana Wandsworth Central, kusini mwa mji wa London. Mbunge wa hapo alikuwa Harry Nathan wa chama cha Leba. Nathan alipandishwa cheo akawa Lodi, akahamia Bunge la Malodi, na kiti kikabaki wazi. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka wa 1937, Nathan mwenyewe alikuwa amekipata kiti hicho kwa ushindani mkali kutoka kwa chama cha Konsavativu. Hakikuwa kiti cha kulala usingizi.

Kwa kawaida uchaguzi mdogo huwa hivi. Mgombea huleta karatasi za uteuzi zikiwa na majina ya wapiga kura kumi wa eneo hilo: mmoja wa kumpendekeza, mmoja wa kumuunga mkono na wanane wa kukubali. Huweka pia pesa za dhamana, na siku hizo zilikuwa pauni 150. Muda wa uteuzi ukiisha msimamizi huhesabu wagombea. Wakiwa wawili au zaidi, watu watapiga kura. Akiwa mmoja, msimamizi humtangaza pale pale kuwa ndiye mbunge, na mambo yamekwisha. Konsavativu na Liberali waliheshimu mapatano. Hakuna mtu binafsi aliyejitokeza. Bevin alikuwa peke yake. Akatangazwa.

Siku hiyo hiyo, tarehe 22 Juni, Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa kusalimu amri kwa Ujerumani. Uingereza ilikuwa imebaki bila ya mwenzake mkubwa katika Ulaya. Sidhani kama kuna watu wengi Wandsworth waliolala wakiwaza habari za kura ambayo hawakupiga. Walikuwa wakiwaza mabomu.

Hapa niseme jambo dogo la shuleni. Katika darasa letu kiranja aliyepita bila kupingwa mwaka jana alipata taabu sana. Kila alipotutuma kufagia, mtu alimuuliza ni nani aliyemchagua. Yule wa mwaka huu, ambaye alishinda kwa kura tatu tu, tunamsikiliza ingawa tunanung'unika. Nililitafakari hilo. Wale waliompinga walipewa nafasi yao, wakashindwa, kwa hiyo hawana neno. Lakini yule aliyepita bila kupingwa hana ushahidi wa kuonyesha. Ni kama mtu aliyekopa akabeba bidhaa dukani, na daftari la mwenye duka bado liko wazi.

Bevin naye alibeba bidhaa nyingi kweli kweli kwa mkopo. Mwezi wa Julai 1940 ilitoka amri ya kukataza migomo. Fikiria, kiongozi wa mgomo mkuu ndiye waziri wa kukataza migomo! Mwezi wa Desemba 1941 sheria ikaruhusu hata wanawake wasioolewa, wa umri wa miaka 20 hadi 30, waitwe kwa lazima kwenye utumishi wa vita. Na kuanzia Desemba 1943 vijana walianza kupelekwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe kwa bahati nasibu. Nambari moja, kuanzia 0 hadi 9, ilichaguliwa kwa kura ya kapuni. Kijana ambaye nambari yake ya kujiandikisha jeshini iliishia na tarakimu hiyo hakwenda jeshini. Alikwenda chini ya ardhi kuchimba makaa, atake asitake. Pamoja na waliojitolea walifika karibu 48,000, na watu wakawaita Vijana wa Bevin. Vijana hao walisimangwa barabarani kwamba wamekwepa vita kwa sababu hawakuvaa sare. Wengi wao walizeeka bila shukrani yoyote, mpaka serikali ilipoanza kuwapa beji mwaka wa 2008. Hebu fikiri: kijana wa miaka 18, ambaye hajawahi kupiga kura maishani, anapelekwa chini ya mwamba na waziri ambaye naye hakupigiwa kura.

Wachimbaji wenyewe hawakunyamaza. Mwezi wa Januari 1942 wale wa Betteshanger, katika jimbo la Kent, waligoma ingawa mgomo ulikatazwa. Viongozi watatu walitiwa jela na zaidi ya elfu moja wakatozwa faini. Lakini huwezi kumfunga kila mtu na bado upate makaa. Haikuchukua muda viongozi wakaachiliwa, na wengi hawakulipa ile faini kamwe. Nadhani hilo liliifundisha serikali kwamba amri ina mpaka wake.

Ili nisimwonee mzee huyu, lazima niseme na upande wa pili. Bevin hakuchukua jasho la watu bila kurudisha kitu. Viwanda vikubwa vya vita viliamriwa viwe na vyumba vya kulia chakula, na madaktari na wauguzi waliongezwa viwandani. Mwaka wa 1943 ilipita sheria ya kulinda mishahara ya watu wa mahoteli na mikahawa. Na makuli? Mwaka wa 1941 aliweka mpango wa kuwasajili, hivi kwamba kuli aliyefika kazini akakosa meli bado alipata malipo. Ile aibu ya kusimama langoni kama mbuzi mnadani, ambayo aliipigania tangu 1920, alipata nguvu ya kuipunguza. Babu aliposikia hilo alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia niisome tena sehemu hiyo.

Na huku kwetu ilikuwaje? Kenya ilikuwa koloni la Uingereza, na maelfu ya watu wetu walikwenda vitani na jeshi la KAR. Tangu mwaka wa 1942 Waafrika wengine walichukuliwa kwa lazima kufanya kazi kwenye mashamba, yakiwemo ya katani. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944, naye aliteuliwa na gavana. Waafrika wa Kenya walipiga kura ya kwanza ya kuchagua wajumbe wao mwezi wa Machi 1957. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa ambayo haifai tuisahau. Mtu wa Wandsworth alikuwa na kura yake, akaiweka kabatini mpaka vita viishe. Mtu wa Mombasa au Machakos hakuwa na kura ya kuweka popote. Bevin mwenyewe, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitaka Kenya iwe kituo kikubwa cha jeshi la Uingereza, na bohari kubwa zikaanza kujengwa Mackinnon Road mwaka wa 1947 kabla ya mpango kuachwa. Sidhani kama kuna mwananchi wa huku aliyeulizwa.

Sasa tuione siku ya kulipa deni. Mwezi wa Mei 1945 Ujerumani ilisalimu amri. Serikali ya pamoja ikavunjika, na yale mapatano ya kutoshindana yakafa. Tarehe 5 Julai uchaguzi mkuu ukafanyika. Bevin hakutafuta mahali pa kujificha. Alirudi Wandsworth Central, kwa watu wale wale, na safari hii mgombea wa Konsavativu alisimama dhidi yake. Watu wa Wandsworth walikuwa wamemwona kwa miaka mitano. Walijua ni nani aliyewatuma viwandani na ni nani aliyewapeleka vijana wao migodini. Kama walikuwa na kinyongo, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yao ya kukitoa. Matokeo yakatangazwa tarehe 26 Julai: Bevin alishinda. Mtu aliyeangushwa mara mbili, kisha akapita bila kupingwa, sasa alichaguliwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku aliyokuwa mbunge hasa. Ile ya 1940 ilikuwa ahadi tu.

Chama cha Leba kilishinda viti 393 nchini kote, na Clement Attlee akawa Waziri Mkuu. Bevin akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka wa 1947 Marekani ilipotoa fikira ya kuisaidia Ulaya iliyobomoka, yeye alikuwa mbele katika kuishika kamba hiyo kabla haijarudishwa. Tarehe 4 Aprili 1949 alitia sahihi kwa niaba ya Uingereza mkataba uliozaa NATO. Si yote yaliyomwendea vizuri. Habari za Palestina zilimshinda, na hadi leo kuna wanaomlaumu, Wayahudi kwa sababu zao na Waarabu kwa sababu zao. Mwaka wa 1950 aliwania tena, safari hii Woolwich East, akachaguliwa. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Mwezi wa Machi 1951 aliiacha Wizara ya Mambo ya Nje, na tarehe 14 Aprili mwaka huo huo akafariki akiwa na miaka 70. Majivu yake yamezikwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali walipozikwa wafalme wa zamani. Yule yatima wa peni 6 kwa wiki!

Nimalizie na lile swali langu la mwanzo. Je, Bevin alikuwa mtumishi au bwana? Mimi naona katika miaka ile mitano alikuwa vyote viwili, na ilikuwa hatari. Kilichomwokoa si wema wake, maana wema hauna kipimo na kila mtawala hujiona mwema. Kilichomwokoa ni kwamba kulikuwa na mwisho. Mapatano ya kutoshindana yalikuwa na kikomo, vita vilipokwisha yakakoma, na mwenye deni akarudi dukani kulipa. Kama uchaguzi wa 1945 usingefanyika, au kama angetafuta njia ya kupita tena bila kupingwa, leo ningeandika habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo, wenzangu, siku mkisikia redioni kwamba fulani amepita bila kupingwa, msishangilie upesi na msilaani upesi. Ulizeni mambo mawili. Kwanza, wengine wamenyamaza kwa hiari yao, au wamenyamazishwa? Pili, watu wataulizwa lini? Sisi wa Kidato cha Tatu baada ya miaka miwili tutakuwa na vitambulisho na kura zetu wenyewe, na wazee wetu waliingoja kura hiyo mpaka 1957. Tusiiazime kwa mtu ambaye hajatuambia siku ya kuirudisha. Kwa hayo machache naiweka kalamu yangu chini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu
Chama cha Kiswahili